Nilivyofika Kiuyu kwa Ngalawa Kumwozesha Riziki

Jamaa zangu wa barazani, tangu nirudi kila mmoja ana yake. Mmoja kasikia nilizama. Mwingine kasikia nilivutwa majini kwa kamba na bibi kizee, kama mbuzi aliyegoma. Bwana mmoja, simtaji lakini duka lake mnalijua, kanipokea jana kwa kuniambia, "Karibu tena duniani." Nimeona niandike mara moja, mpokezane karatasi, kisha mniache nile. Yale madarasa ya usiku niliyosoma miaka yote ile nikisinzia chini ya taa ya karabai, leo na yafae kitu.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini, maana wengine mmeanza kuhadithia safari bila ya kujua sababu yake. Mdogo wangu Riziki, ambaye baba yetu mmoja, alikuwa anaolewa kwao Kiuyu, upande wa mama yake. Baba ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Bila ya walii hapana ndoa, hata pilau iwe imeshafunikwa makaa na wageni wamekaa mkekani. Nikahi ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Bwana harusi, Makame, ni mwalimu, naye alikuwa amehamishiwa Unguja na safari yake ilikuwa siku mbili baadaye. Akiondoka bila mke, nani anajua atarudi lini?

Na huko Kiuyu alikuwako Ami Faki, mdogo wake baba. Ami alikwisha sema mbele ya watu kwamba harusi hii haina haraka, ingojee mpaka baada ya karafuu. Kumbe alikuwa na mtu wake, mwenye duka Wete, anamwekea Riziki. Riziki aliniletea salamu kwa mdomo wa mtu: "Mwambieni kaka asichelewe. Akichelewa tu, Ami keshapata sababu."

Mtauliza kwa nini nisimweke mtu awe wakili wangu huko huko. Nilisema moyoni, Kiuyu ni hapa hapa Pemba, mtu atacheleweshwa na nini ndani ya kisiwa chake mwenyewe?

Wawi hadi Konde

Nilitoka Wawi asubuhi, kanzu yangu mpya ndani ya mfuko wa plastiki, na begani nimebeba mwiko wa Bi Saada. Mwiko ule mnaujua. Hakuna harusi ya maana hapa kwetu ambayo pilau yake haikukorogwa nao. Mama yake Riziki aliuomba kwa makusudi, kwa sababu masufuria makubwa waliyaazima lakini miko yao ilikuwa ya kukorogea uji wa mgonjwa. Wa Bi Saada ukiusimamisha unanifika kifuani, na uso wake mpana kama mlango wa banda la kuku.

"Kombo, usiuweke penye mchanga," Bi Saada akaniambia, akinikabidhi kwa mikono miwili. "Wala usiukalie."

"Bi Saada, nitaulaza kitandani kwangu."

"Usiulaze. Uning'inize."

Masika ilikuwa imetunyeshea wiki nzima. Mvua ile, hata vyura wa Wawi walikuwa wanabisha hodi kwa watu. Gari tulipata, na tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa abiria mmoja aliyekuwa amepakia kabati. Tukasimama lishushwe. Kabati likakataa kuingia mlangoni. Mtu mwenye huruma angeliacha uani atuache twende zetu, lakini abiria wote walishuka kutoa shauri. Mmoja anasema liingie kwa kichwa, mwingine anasema kwa ubavu, dereva anasema mlango ung'olewe. Mimi niliyekuwa na haraka kuliko wote nikajikuta ndani ya nyumba ya watu nimekumbatia mguu wa kabati, mama mwenye nyumba ananiuliza kama nitakunywa uji. Mwishowe mlango uling'olewa, kabati likaingia, na mlango haukurudi tena mahali pake. Tulipoondoka yule bwana alikuwa amesimama nje akitazama nyumba isiyo na mlango na kabati lenye milango miwili.

Uji nilikunywa. Ulikuwa wa mtama, na mzuri.

Konde

Konde dereva alizima gari akashuka kama mtu aliyefika kwao.

"Mbele hakwendeki," akasema. "Njia ya Micheweni imekwenda na maji. Gari la jana limelala matopeni mpaka leo."

Nikaingia hoteli ya chai kufikiri. Mwenyewe ni mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, anaitwa Mzee Haji, anapika mwenyewe na kuuza mwenyewe. Aliutazama mwiko, akanitazama mimi, akasimama.

"Karibu, mpishi mwenzangu!"

"Mzee Haji, mimi si mpishi."

"Mpishi wa kweli hajisifu," akasema, akanivuta mkono mpaka jikoni. Alikuwa na sufuria la mchuzi wa pweza wa nazi. Akanichotea kwenye kisahani. "Hebu sema. Sema kweli, mie si mtu wa kukasirika."

Mchuzi ulikuwa mtamu, wallahi nikiukumbuka mate yananijaa. Lakini nikaona, mtu kanipa heshima ya mpishi, nisipotoa neno la kipishi nitakuwa nimemvunja moyo. Nikasema, "Labda chumvi kidogo."

Hapo ndipo safari yangu ilipotaka kuishia. Mzee Haji akawaita wateja wake wote waonje. Waliosema chumvi imetosha wakakaa upande mmoja, waliosema haikutosha upande mwingine, na mzee mwenyewe kati akisema, "Katoka Wawi huyu! Katoka Wawi kuja kunifundisha chumvi Konde!" Nikaapa kwamba chumvi imetosha, ulimi wangu ndio una homa. Akanisamehe, akanipa mkate wa kumimina na bakuli zima la pweza, akakaa mbele yangu kuhakikisha nimemaliza.

Nilipomweleza ninakokwenda na kwa nini, uso ukambadilika.

"Leo hii? Baada ya alasiri? Mbona hukusema tangu mwanzo, unakaa kubishana chumvi! Nenda Shumba kwa miguu. Kuna wanawake wanaolima mwani wanavuka kutoka Kiuyu kuleta magunia, wakirudi utawakuta pwani. Haya, toka!"

Shumba Mjini

Kutoka Konde hadi Shumba nilikwenda mbio, na matope ya njia ile yalinivua kiatu kila hatua ya pili, nikawa navaa kiatu zaidi kuliko ninavyotembea. Nilifika wakati hotuba ya Ijumaa inaanza. Mtu hapiti mbele ya msikiti hotuba ikisomwa, hata awe na haraka ya namna gani. Nikauegemeza mwiko ukutani, nikatawadha, nikaswali. Nilipotoka nikakuta watu wanauzunguka mwiko wanauliza harusi iko wapi. Nikawajibu nikitembea.

Pwani palikuwa na ngalawa moja tu inayojitayarisha. Mwanamke wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, anapanga magunia matupu, na katikati ya ngalawa kakaa bibi kizee na mwavuli mweusi. Bi Mize ndiye mwenye ngalawa, aliirithi kwa marehemu mumewe. Yule kizee ni mkwewe, na yeye nilimwita Bi Mkubwa tu mpaka mwisho.

"Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam. Mpishi, wendapi?"

"Mimi si mpishi, mama. Ni walii. Nakwenda Kiuyu kumwozesha mdogo wangu leo baada ya alasiri."

"Kumwozesha nani?"

"Riziki."

Bi Mize akaacha magunia. "Riziki wa Bi Asha? Weye ndiye kaka wa Wawi? Kiuyu nzima inakungoja weye! Ami yako tangu asubuhi anauliza watu kama gari limeonekana, na akiambiwa halijaonekana anatabasamu." Akanitazama kutoka kichwani mpaka matopeni. "Nafasi ninayo. Mkono ndio sina. Shemeji yangu kashikwa na homa, kalala humu Shumba, na tanga liko kwa fundi. Umepata kushika kafi?"

"Nimezaliwa Wawi, mama."

"Yaani hujapata."

"Lakini nina cheti cha skuli ya usiku."

"Kifunge vizuri kisirowe. Panda."

Bi Mkubwa akasema chini ya mwavuli, "Mwambie avue viatu. Atatoboa chombo."

Kafi

Nyinyi mnaojua ngalawa kwa kuziona mbali, sikilizeni. Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa likawa jembamba hata ukikaa makalio yanalalamika pande zote mbili. Juu yake imefungwa miti miwili ya kupita, na kila upande kuna ubao unaoelea, ndiyo matengo yenyewe, yanayoishika isilale ubavu. Bi Mize aliniambia hivi: "Matengo haya hayakubali ipinduke." Neno hilo nililiweka moyoni zaidi kuliko ilivyopasa.

Nilikaa mbele kama nilivyoonyeshwa, nikamwelekea yeye. Nilikuwa nimeona pale Wesha watu wakivuta mashua kwa makasia, na wote hukaa wameipa mgongo safari.

"Geuka!" Bi Mize akasema. "Wanitazama mie ya nini? Harusi iko kule."

Kafi si kasia, jamaa. Halikufungwa popote. Ni mti mwepesi wenye bapa mwisho, mkono mmoja juu, mmoja chini, unalichomeka majini mbele yako unavuta mpaka kiunoni, unalitoa, unarudia. Kusema ni rahisi. Mara ya kwanza nilivuta hewa nikataka kuanguka chali. Mara ya pili nilichota maji yote ya ghuba ya Shumba nikammwagia Bi Mkubwa, mwavuli ukiwa upande wa jua.

"Astaghafirullahi!" akalia. "Nishaoga mie leo!"

"Usivute kwa mikono," Bi Mize akasema kutoka nyuma, anacheka hata ngalawa inatikisika. "Vuta kwa mgongo. Mkono ushike tu."

"Vuta kwa mikono," Bi Mkubwa akasema. "Mume wangu alivuta kwa mikono mpaka kufa kwake."

"Na alikufa na mgongo mzima?" Bi Mize akamwuliza.

"Alikufa na mgongo unamuuma!"

Basi nikavuta kwa kila nilicho nacho, hata meno. Baada ya muda kitu kikaja. Sijui nikielezeje. Bi Mize alikuwa anasema "hee" kila kafi lake likiingia, na mimi nikaanza kuingiza langu kwenye ile "hee", na ngalawa ikaacha kuyumba ikaanza kuteleza. Maji yakawa yanapita chini yetu kwa mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa. Nilisahau kabati, nilisahau chumvi. Nilihisi mimi ni mvuvi wa ukoo wa wavuvi. Nikisema tulikuwa tunakwenda mbio kuliko gari la Konde msinikatalie, gari lenyewe mnalijua.

Viganja vilianza kupata moto. Sikuvitazama.

Salamu

Sasa nafika penye kosa, na ninyi nyote mngelifanya, kwa sababu tumelelewa kusalimiana mlango kwa mlango.

Upande wa Kiuyu maji yalikuwa yameanza kupwa, na wanawake wa mwani walikuwa wamesimama majini mpaka magotini, wanakagua kamba zao. Walipotuona wakasalimu. Mimi nimekaa mbele, salamu inanifikia mimi kwanza. Nitafanyaje? Nikalilaza kafi mapajani, nikaweka mkono kifuani, nikaitikia.

"Habari za Shumba?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Na huko mtokako?"

"Wawi. Wazima wote. Nakwenda Kiuyu kumwozesha mdogo wangu Riziki, mimi ndiye walii."

"Haya, hongera! Na wazee hawajambo?"

Wakati huo ngalawa, ambayo inapata kafi la nyuma tu, inageuka taratibu kurudi Shumba.

"Itikia kafi likienda!" Bi Mize akanipigia kelele.

"Mama, mtu ataitikia wakubwa huku anafanya kazi?"

"Humu majini ndivyo tuitikiavyo!"

Lakini mkono ulioshikishwa adabu tangu utotoni hausikii. Kila kikundi cha wanawake nilikisalimia kikamilifu, na kila nikimaliza, Bi Mize anakuwa na kazi ya kuigeuza ngalawa upya. Kiuyu nzima, nadhani, ilijua habari zangu kabla sijaiona.

Kisha ikaja ngalawa nyingine imetuelekea, na ndani yake kakaa shehe mmoja mwenye ndevu nyeupe, joho begani, anapelekwa Shumba. Akainua mkono: "Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh." Salamu kamili, ya mtu mzima, ya shehe. Nami nimemkalia tu kama gunia! Nikakumbuka kwamba matengo hayakubali ipinduke. Nikasimama.

Kupinduka kweli haikupinduka. Iliruka. Bi Mkubwa alikumbatia miguu yangu, mwavuli ukaingia majini ukatoka, Bi Mize akasema neno ambalo sitaliandika, na mimi nikiwa nimesimama, mkono kifuani, nikaitikia mpaka "wabarakatuh" ya mwisho. Shehe akatikisa kichwa kwa kuridhika akapita. Nilipokaa kafi halikuwako. Lilikuwa linaelea kuelekea bahari kuu, na maji ya kupwa yanalisindikiza.

"Tulifuate," nikasema.

"Tulifuate na nini?" Bi Mize akasema. "Likitupeleka huko nje leo hurudi, weye na harusi yako." Hakuwa anacheka tena. Akatazama jua, akatazama ukingo wa Kiuyu, minazi yake inaonekana mmoja mmoja. "Alasiri inakuja. Kafi moja halitutoi kwenye mkondo huu."

Nilimfikiria Ami Faki anatabasamu.

Bi Mkubwa ndiye aliyesema, akikamua kanga yake. "Na huo mwiko ni wa kuangaliwa?"

Mwiko

Nikaona kama namsikia Bi Saada akinong'ona kutoka Wawi. Kisha nikauchomeka majini.

Mwiko ni mfupi kuliko kafi na mzito mara kumi. Kuufikisha majini ilibidi niiname mpaka kidevu kikagusa ubavu wa ngalawa. Nikivuta, unavuta sana, kwa sababu uso wake ni mpana. Nikichelewa, hauvuti kabisa. Basi ngalawa ikawa inakwenda mbele kidogo, kisha inazunguka, kisha inakwenda mbele kidogo tena. Niliiona Kiuyu, nikaiona Shumba, nikaiona bahari, nikaiona tena Kiuyu. Kisiwa chetu kizima kilinipita mbele ya macho kama kinauzwa kwa mnada.

"Badilisha upande!" Bi Mize anasema.

"Usibadilishe!" Bi Mkubwa anasema.

Malengelenge yakapasuka, maji ya chumvi yakaingia, nikaona nyota mchana. Niliwaambia nimeshika pasi ya makaa. Bi Mize akasema, "Vuta." Nikavuta.

Ndipo adhana ya alasiri ikatufikia. Sauti ilikuja juu ya maji wazi kabisa, kila neno, karibu hata ungesema msikiti uko kwenye gubeti, pale mbele ya chombo. Lakini ufuo ulikuwa bado mbali.

"Nakata njia," Bi Mize akasema. "Hapa pana mlango kati ya mafungu, naujua kama jikoni kwangu."

"Maji hayatoshi," Bi Mkubwa akasema.

"Yatosha."

Hayakutosha. Ngalawa ilikwaruza, ikapanda juu ya fungu la mchanga, ikakaa. Maji yakatuacha pale yakaenda zake. Bi Mize akalitazama fungu kama mtu aliyeingia jikoni kwake akakuta jirani anapika.

"Jana halikuwapo," akasema.

"Lilikuwapo kabla hujaolewa," Bi Mkubwa akajibu.

Mimi na Bi Mize tukashuka, tukashika ile miti ya kupita, yeye upande wake na mimi wangu, tukaiburuta. Bi Mkubwa alikataa kushuka. Alisema yeye ni abiria. Tuliiburuta ikiwa na Bi Mkubwa, magunia, mwavuli na mwiko, na kwa uzito ule naamini kisiwa cha Pemba nacho kilikuwa kimefungwa nyuma. Tulipoifikisha kwenye maji ya upande wa pili, nilisikia kelele. Nikainua kichwa. Ufuo mzima wa Kiuyu ulikuwa umejaa watu, wamevaa nguo za harusi, wanatutazama.

Kiuyu

Yaliyopita pale nilisimuliwa baadaye na Makame, nami nayaweka mahali pake ili mfuate.

Baada ya swala wanaume walitoka msikitini wakakaa kwenye ukumbi wa nyumba ya harusi, unaotazama bahari. Ami Faki akasimama, akakohoa. "Jamaa, mnaona wenyewe, walii hakuja. Tusimlaumu, njia mbovu. Pilau ikiiva tuile, mambo mengine yangoje baada ya karafuu."

Wanawake wa mwani walikuwa wamesharudi kwa miguu, maji yalipokupwa, na habari zangu zote wanazo. Mmoja wao alikuwa anapita na kapu kichwani. Akasimama pale pale njiani. "Hakuja nani? Walii si yule! Katusalimia hata majina ya kuku wetu kayauliza."

Khatibu, aliyekuja kufungisha nikahi, akaweka mkono juu ya macho akatazama baharini. "Yule anayezunguka?"

"Ndiye."

Watu wakateremka ufuoni kutazama. Ami akasema yule huenda anakwenda kwingine. Khatibu akasema, "Faki, mtu yule anakwenda kila mahali. Mpaka kwetu atafika. Tutamngoja." Basi wakangoja, na Makame anasema hakuna harusi iliyopata wageni watulivu kama ile, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani, kila nikizunguka wanashangilia.

Nilipokanyaga mchanga mkavu, waliokuja mbio kwanza ni wapishi. Hawakunitazama. Walinipokonya mwiko wakakimbia nao, mmoja anaulamba anasema, "Chumvi msiongeze tena!" Khatibu ndiye aliyenipokea. Nilivaa kanzu yangu mpya juu ya nguo zilizorowa, nikatawadha, nikaswali alasiri yangu, nikapelekwa kwa bibi harusi kuchukua idhini.

Riziki alikuwa amekaa kitandani, kafunikwa ushungi, wanawake wamemzunguka. Somo wake, kungwi aliyemtayarisha, akaufunua kidogo nimwone. Wanja ulikuwa umemchuruzika mpaka kidevuni.

"Mara ya tatu hii nampaka," somo akalalamika. "Anachungulia dirishani. Ukigeukia Shumba analia, ukigeukia kuno kwetu anafuta."

Nikamwuliza kama desturi ilivyo, "Riziki, unaniidhinisha nikuoze kwa Makame kwa mahari mliyokubaliana?"

Mnajua bibi harusi hasemi. Huinamisha kichwa, hulia kidogo, na kimya chake ndiyo jawabu. Riziki akasema, na ukumbini wanaume walisikia, "Nimekuidhinisha! Nenda, kaka, nenda!"

Vigelegele vikapasua paa. Nilinyoosha mikono kumuaga, akaiona. Akashika kidole changu kimoja tu, kile kizima, akanitazama.

Ukumbini nikakaa uso kwa uso na Makame, magoti yanagusana, khatibu kati yetu. Walii na bwana harusi hushikana mikono. Makame alikuwa amekaa na hofu siku nzima, na hofu yote ile aliiweka kwenye mkono wake wa kulia. Alinishika kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo kisimani. Kiganja changu kilikuwa hakina ngozi. Machozi yakanitoka kama bomba. Lakini maneno ya nikahi hayakatwi katikati, ukiyakata unaanza upya, na mimi kuanza upya nisingeweza. Nikayatoa yote, moja baada ya jingine, "nimekuoza dada yangu Riziki," sauti inatetemeka, mpaka mwisho. Makame akasema, "Nimekubali kumuoa." Khatibu akasoma dua.

Wazee wote walikuwa wanafuta macho. "Kaka anamlilia mdogo wake," wanaambiana. Ami Faki, aliyekuwa shahidi, akanisogelea, akatoa leso yake mfukoni akanipa. "Baba yako angekuwapo," akasema, "angelia vivyo hivyo." Alisema kwa moyo safi, na nusu yake ilikuwa kweli, kwa hiyo nikafuta macho nikamshukuru.

Masinia yakaja. Nikawekwa kwenye sinia moja na khatibu, Ami na Makame, pilau inatoka moshi, juu yake kachumbari ya ndimu na pilipili. Wote wakanawa wakaingiza mikono. Mimi nikautazama ule wali wa moto na ile ndimu, nikatazama kiganja changu, nikabaki nimekaa.

"Kula, mwenye harusi," Ami akasema. "Au ya kwetu huitaki?"

Hapo pazia la chumba cha bibi harusi likasogea. Somo akatoka, akapita kati ya wanaume bila kumtazama mtu, akaweka mbele yangu kijiko.

"Katoa bibi harusi," akasema, akarudi.

Basi nilikula pilau ya harusi kwa kijiko, mbele ya Kiuyu nzima. Nisameheni, jamaa zangu, maana huko sasa wanasema sisi watu wa Wawi ndivyo tulivyo.